Kuhamia Besi ya Nyuzi Tano na Kujipangia Vifaa vya Akiba: Mwongozo kwa Wapiga Besi wa Uganda

Mpiga besi anayehudumu kwenye ibada ya asubuhi mjini Kampala, kisha mchana akapige kwenye kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho wa wachumba, huko Mukono, na usiku akasimame na bendi ya rumba, hukutana na tatizo lile lile mara tatu kwa siku moja. Mpiga kinanda anashusha wimbo hadi E-flati au D-flati ili mwimbaji asijikamue koo, na besi ya nyuzi nne, ambayo noti yake ya chini kabisa ni E, inakosa pa kushukia. Mpigaji analazimika kupanda oktavu nzima, na wimbo unapungua uzito papo hapo. Uzi wa tano unaliondoa tatizo hilo, lakini unataka mkono uliojifunza kuunyamazisha kabla ya kujifunza kuupiga, na unataka mpango wa akiba uliofikiriwa vizuri zaidi, kwa sababu ukikwama jukwaani huwezi kuazima chochote cha jirani kama ulivyozoea.

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye tayari anapiga nyuzi nne na anafikiria kuhama. Nimeupanga kwa utaratibu ambao ningependa mtu angenielekeza nao nilipoanza.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unauhitaji

Kwa siku kumi hivi, andika kwenye daftari kii ya kila wimbo unaopiga na noti ya chini kabisa ambayo ungetamani kuipata. Uzi wa E ukiwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na uzi wa B hutetema karibu mara 31. Kati ya noti hizo mbili mna B, C, D-flati, D na E-flati, basi. Ni noti tano unazoziongeza. Ukiona kwenye daftari lako kwamba unachohitaji ni D ya nyimbo mbili tu, legeza uzi wa E hadi D, zoea kwamba kila noti ya uzi huo imesogea freti mbili, na fedha zako zibaki mfukoni.

Hata hivyo, ziko faida ambazo daftari halizionyeshi. Ukiwa na uzi wa B, E unaipata kwenye freti ya tano na G kwenye freti ya nane, kwa hiyo mkono wa kushoto unaweza kukaa mahali pamoja katikati ya shingo na kupiga sehemu kubwa ya wimbo bila kukimbilia kichwani. Kwa mtu anayepiga sebene ya dakika kumi, ambamo mchoro mmoja wa besi unarudiwa bila kupumzika, kupunguza safari za mkono ni afya ya kiwiko na bega.

Kabla ya kununua, unaweza kujaribu kwa gharama ndogo. Chukua besi ya nyuzi nne ya bei ya chini, nunua seti ya nyuzi tano, uache uzi wa G, kisha ufunge B, E, A na D. Nati ya shingo, yaani kile kipande chenye mifereji kinachozipokea nyuzi kichwani, itahitaji kutanuliwa mifereji yake, kwa kuwa uzi wa B una unene wa inchi 0.130 hivi ilhali mfereji ulichongwa kwa uzi wa 0.105. Kazi hiyo usiifanyie gitaa lako zuri, maana mfereji uliotanuliwa haurudi, na nyuzi za kawaida zitacheza ndani yake. Wapo wapigaji walioishi na mpangilio huu kwa miaka na wakaridhika, hasa wale ambao hawapandi sana kwenye noti za juu.

Hatua ya pili: chagua gitaa kwa kusikiliza uzi wa B

Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951, na kwa miongo mingi nyuzi nne ndizo zilizokuwa besi. Anthony Jackson, mpigaji wa Marekani, alipata besi yake ya kwanza ya nyuzi sita kutoka kwa fundi Carl Thompson mwaka 1975, na besi ya StingRay ya nyuzi tano ya kampuni ya Music Man ilipotoka mwaka 1987, mpigaji wa kawaida aliweza kununua kiwandani kitu ambacho awali kilikuwa cha kuagizwa kwa fundi. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jambo la matumizi: nyimbo za bendi za zamani za Kampala, zikiwemo za Afrigo iliyoanza mwaka 1975, zilitungwa wakati ambapo nyuzi nne ndizo zilizokuwa kawaida. Ukizipiga kwa nyuzi tano, usijisikie una wajibu wa kushusha kila mstari. Besi ya wimbo ule imekaa pale ilipo kwa sababu nzuri.

Ukiwa dukani, au sebuleni kwa mtu anayeuza gitaa lililotumika, anza na uzi wa B bila amplifaya. Upige ukiwa wazi kwa nguvu ya kawaida, kisha bonyeza freti ya tano usikilize E, na ulinganishe na uzi wa E ulio wazi. Noti hizo mbili zifanane kwa sauti, urefu na uwazi. Uzi wa B ukitoa mshindo kama wa ngoma, usiweze kuimba noti yake kwa mdomo, gitaa hilo liache. Au, kama kila kitu kingine kinakupendeza, omba lifungwe nyuzi mpya kwanza, kwa kuwa uzi wa B uliochakaa huweza kulisingizia gitaa kosa lisilo lake.

Angalia urefu wa uzi kutoka nati hadi briji, yaani kile kipande kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Besi nyingi zina inchi 34, ambazo ni milimita 864, na baadhi ya zile za nyuzi tano zina inchi 35. Inchi hiyo moja hukaza uzi wa B kidogo na kuupa noti iliyonyooka zaidi, lakini freti za mwanzo zinakaa mbali zaidi. Mwenye mkono mdogo asilazimishe: gitaa la inchi 34 lililojengwa vizuri linatosha kabisa.

Upana nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nafasi kati ya uzi na uzi kwenye briji ya besi nyingi za nyuzi nne ni milimita 19 hivi. Kwenye nyuzi tano utakuta kuanzia 16.5 hadi 19. Nafasi finyu humsaidia anayepiga kwa vidole na mwenye kiganja kidogo, lakini anayepiga kwa kugonga na kidole gumba atajikuta akigusa nyuzi mbili kwa pamoja. Pima pia uzito, hata kwa mizani ya sokoni. Mimi sinunui gitaa linalozidi kilo 4.5, kwa sababu shughuli zetu ni ndefu, na hakuna anayekuonea huruma saa ya nne ukiwa umesimama na gitaa begani.

Mwisho, fungua kifuniko cha nyuma. Besi nyingi za nyuzi tano zina priampu, yaani saketi ya ndani ya kukuza sauti, inayotumia betri ya mstatili ya volti 9, na nyingine hutumia betri mbili. Uliza kama ipo swichi ya kuiruka priampu ili gitaa lipige bila betri. Kati ya magitaa mawili yanayolingana kwa mengine yote, lenye swichi hiyo ndilo la mtu wa jukwaani.

Hatua ya tatu: lirekebishe kabla ya kulipeleka popote

Gitaa lililosafiri kutoka nchi yenye hewa kavu hadi kwenye unyevu wa ukanda wa Ziwa Viktoria halibaki kama lilivyotoka kiwandani. Likae nyumbani siku kadhaa likiwa limetyuniwa, ndipo uanze.

Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili, kisha utazame uwazi ulio kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Uwe sawa na unene wa kadi ngumu ya kibiashara, karibu milimita 0.3. Ukiwa mkubwa zaidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo ya mzunguko. Usipokuwepo kabisa, kilegeze kwa kiasi hicho hicho, usubiri hadi kesho yake, kisha upime tena. Anayezungusha mara mbili kwa siku moja kwa sababu ana shughuli jioni ndiye anayeharibu shingo.

Baada ya shingo, pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 2 kwa uzi wa G na kati ya 2.5 na 3 kwa uzi wa B ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa uzi mnene unahitaji nafasi ya kutetema bila kugonga freti. Pikapu, yaani kile kinasa sauti chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi, ishushwe kidogo upande wa B, la sivyo sumaku itauvuta uzi na noti itayumba. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya uzi ulio wazi kwa tyuna: ya freti ya 12 ikipanda, rudisha kiti cha uzi nyuma; ikishuka, kisogeze mbele kuelekea shingoni.

Kuhusu kufunga uzi wa B kuna kosa moja ninaloliona kila mara. Mtu anakata uzi kwanza kisha anauingiza kwenye kigingi, na waya wa nje unaanza kujifungua kutoka kwenye kiini, noti inakufa ndani ya wiki. Ukunje kwanza uzi kwa pembe kali pale utakapoingia kwenye kigingi, kisha ukate sentimita kadhaa baada ya kunjo. Uzi wenye kunjo hilo haujifungui.

Hatua ya nne: mwezi wa kwanza, jifunze ukimya

Wiki ya kwanza usiuguse uzi wa B isipokuwa kwa kuunyamazisha. Piga nyimbo zako zote kwenye nyuzi za E, A, D na G kama ulivyozoea, huku kidole gumba cha mkono wa kulia kikiwa kimelala juu ya B. Unapopiga uzi wa D au wa G, gumba linashuka hadi lilalie E, na ubavu wake bado unaigusa B. Mwanzoni mkono utakataa, kwa kuwa umezoea kuegemea pikapu, lakini baada ya siku chache gumba litakuwa linasafiri pamoja na vidole bila wewe kulifikiria. Wakati huo huo, ncha za vidole vya kushoto visivyobonyeza zipumzike juu ya nyuzi zisizopigwa.

Sababu ya kusisitiza jambo hili utaiona siku utakaposimama karibu na ngoma kubwa. Uzi wa B hutetemeka wenyewe kwa mapigo ya ngoma na kwa sauti ya spika iliyo nyuma yako, na mngurumo huo husambaa chini ya wimbo wote. Wasikilizaji hawatajua umetoka wapi. Watasema tu kwamba besi leo haisikiki vizuri. Jirekodi kwa simu ukipiga wimbo mmoja wa polepole, halafu usikilize kwa makini nafasi zilizo kati ya noti. Kama kuna mvumo pale ambapo ulikusudia kimya, hujamaliza wiki ya kwanza, hata kama kalenda inasema umeimaliza.

Wiki ya pili, kaa kwenye uzi wa B peke yake, huku ukitaja noti kwa sauti: C ni freti ya kwanza, D ya tatu, E ya tano, F ya sita, G ya nane, A ya 10. Tatizo la wiki hii ni jicho. Kwa miaka yote umejua kwamba uzi wa juu kabisa machoni mwako ni E, na sasa si E tena. Ndiyo maana wahamiaji wengi huanza wimbo wa A kwa kupiga E bila kutambua. Dawa ni kupiga gizani, au ukiwa umefumba macho, kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ukianza kila skeli kwa kutafuta noti ya kwanza kwa kuhisi.

Wiki mbili zinazofuata ndizo za kuleta nyimbo. Chukua zile za E-flati na D-flati ulizoandika kwenye daftari, na uchague sehemu mbili au tatu tu ambapo utashuka: mwisho wa kiitikio, noti ya kumalizia, mahali ambapo kwaya inaongezeka sauti. Noti ya chini ikipigwa kila wakati haisikiki tena kuwa ya chini.

Hatua ya tano: mitambo inayoubeba uzi wa B

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Visanduku vingi vya besi vyenye spika za inchi 10 havitoi hezi 31, yaani mitetemo 31 kwa sekunde ya uzi wa B, kwa nguvu inayohesabika, na hata spika nyingi za inchi 15 za makanisani haziwezi. Tunachosikia ni jamaa za noti hiyo, zile za hezi 62 na 93, na sikio linajaza lenyewe kilichokosekana. Kwa hiyo, ukiona uzi wa B hausikiki, usikimbilie kuongeza besi kwenye amplifaya. Utakachopata ni koni ya spika inayorukaruka, amplifaya inayochemka, na noti isiyosikika vile vile. Punguza zile za chini kabisa, kisha uongeze kidogo kati ya hezi 80 na 250. Ukiwa na kichujio kinachokata sauti zilizo chini ya hezi 35 hivi, kiwashe na ukiache kimewashwa.

Usichomeke kamwe besi ya nyuzi tano kwenye amplifaya ya gitaa la solo kwa sauti kubwa. Najua kwamba mara nyingi ndiyo pekee iliyopo ukumbini. Afadhali uingie moja kwa moja kwenye miksa kupitia kisanduku cha DI, yaani kifaa kidogo cha kuunganisha gitaa na miksa.

Wakati wa kujaribu mitambo, mwombe fundi wa sauti akusikilize ukipiga E iliyo wazi, kisha B iliyo wazi, kwa nguvu ile ile. Mwambie kwa upole, “Fundi, naomba noti hizi mbili zilingane,” badala ya kumwambia aongeze besi. Ombi la kwanza anajua jinsi ya kulitimiza.

Hatua ya sita: vifaa vya akiba, kuanzia kinachoharibika kwanza

Nilikuwa nikipiga kwenye sherehe ya harusi karibu na Entebbe, maharusi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia, besi ikaanza kukwaruza, halafu ikafifia. Betri ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na gitaa la pili nyuma ya jukwaa, na nilijiona nimejiandaa, lakini gitaa hilo nilikuwa nimeliacha na kebo ndani yake tangu mazoezi ya Alhamisi, na betri yake nayo ilikuwa imekufa. Tulimtuma kijana kwa boda boda hadi senta ya karibu, akarudi na betri za tochi, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba inayotakiwa ni ile ya mstatili ya volti 9. Maharusi waliingia, wakaketi na wakakata keki bila besi. Tangu siku hiyo nimeacha kufikiri kwamba akiba maana yake ni gitaa la pili. Akiba huanza na vitu vidogo, kwa mpangilio wa kile kinachokufa mara nyingi zaidi.

Kebo ndiyo ya kwanza. Beba mbili za ziada za mita sita, na kila moja ijaribiwe nyumbani kwa kutikisa plagi zake huku gitaa likiwa limewashwa. Inayokwaruza itoke kwenye begi siku hiyo hiyo, isirudishwe kwa matumaini. Zifunge utepe wa rangi ili zisichanganyike na kebo za spika, ambazo kwa nje zinafanana nazo. Kebo ya spika haina kinga ya kuzuia mvumo, na kebo ya gitaa ikitumiwa kati ya amplifaya na spika inaweza kupata joto na kuiua amplifaya.

Betri ni ya pili: mbili mpya kwenye kifuko chao, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe zisigusane na chuma. Badilisha iliyo ndani ya gitaa kwa tarehe, pasipo kungoja dalili. Mimi hubandika kipande cha karatasi ndani ya kifuniko chenye tarehe niliyoiweka.

Nyuzi ni za tatu, na hapa mwenye nyuzi tano ana mzigo wa pekee. Seti za nyuzi nne ni rahisi kuzipata Kampala kuliko za tano, na ukiwa Arua au Kasese jioni ya Jumamosi usitegemee kupata uzi wa B mmoja. Ukinunua seti, nunua mbili. Nyuzi ulizozitoa zikiwa bado nzima, uhifadhi ule wa B na ule wa G kwenye bahasha. Uzi mkuukuu unaokaa kwenye tyuni ni bora kuliko nafasi tupu. Pamoja nazo weka koleo dogo la kukatia, funguo za shingo na briji, bisibisi ya kifuniko cha betri, na mkanda wa pili wa gitaa. Mkanda uwe mpana.

Kisha kipo kisanduku cha DI, ambacho nakiweka juu ya amplifaya ya akiba bila kusita. Ukiwa nacho, amplifaya ikifa unaingia kwenye miksa na shughuli inaendelea. Kama besi yako ina priampu ya betri, DI isiyohitaji umeme inatosha, na hiyo ndiyo nzuri kwa akiba kwa kuwa ndani yake hakuna cha kuisha. Kama gitaa halina betri, chukua DI inayotumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au betri yake yenyewe, maana ile nyingine itapunguza ung'avu wa sauti. Ziko pia pedali za priampu zenye tundu la kwenda kwenye miksa, zinazofanya kazi ya amplifaya na ya DI kwa pamoja; ukiwa na moja, hakikisha adapta yake ina volti sahihi na kwamba ncha chanya na hasi zimekaa upande unaotakiwa. Pedali nyingi za volti 9 zina hasi katikati, na adapta ya kifaa kingine inaweza kuichoma kwa sekunde moja.

Kwa mwenye amplifaya na visanduku vyake mwenyewe, neno moja kuhusu omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Visanduku viwili vya omu 8 vikiunganishwa kwa kawaida huwa omu 4, na amplifaya nyingi huvumilia hilo. Viwili vya omu 4 huwa omu 2, na nyingi hazivumilii. Soma kilichoandikwa nyuma kabla ya kukubali kisanduku cha mwenzako.

Hatua ya saba: umeme

Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50, kwenye plagi ya pini tatu za mstatili. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120 tu, na kukijaribu moja kwa moja ni kukiua. Tazama bamba la nyuma, na kama halijaandikwa 100 hadi 240, tafuta transfoma. Ndani ya plagi zetu kuna fyuzi, kwa hiyo beba mbili za ziada, pamoja na fyuzi ya kioo ya amplifaya yenye namba ile ile iliyoandikwa karibu na tundu lake. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike tena ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye amplifaya.

Kwenye jenereta, uwe na mita ya kupimia umeme. Mimi ikisoma chini ya 200 au juu ya 250 siwashi amplifaya, napiga kupitia DI. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi ya amplifaya mara moja, na usiiwashe hadi jenereta itulie, kwa sababu dakika ile ya kubadilishana ndiyo yenye mruko mkubwa.

Kama unaimba huku ukipiga, gusisha kwanza kichwa cha maikrofoni na nyuzi za gitaa kabla ya kusogeza mdomo, au upime kati yake kwa mita. Amplifaya na miksa zilizochomekwa kwenye nyaya zisizo na ardhi moja zinaweza kukupiga shoti ya hatari. Mvumo ukikusumbua, tumia swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye DI. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata fundi akikuambia kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Hatua ya nane: gitaa la pili

Si lazima liwe la nyuzi tano. Besi ya nyuzi nne uliyohama kutoka kwake, uzi wake wa E ukiwa umelegezwa hadi D, itakubeba kwenye karibu kila shughuli, kwa sharti kwamba umejiandaa kabla. Kaa siku moja upitie orodha ya nyimbo, uweke alama penye noti zilizo chini ya D, na uamue pale utapanda oktavu au utapiga noti nyingine ya kodi, yaani ya zile noti zinazopigwa pamoja na kinanda. Uamuzi huo usiuachie jukwaa. Mkanda wake uwe na urefu ule ule, na kiwango cha sauti kikaribiane na cha gitaa kuu ili fundi asishtuke unapobadilisha. Mara moja kwa mwezi, lipige kwenye ibada nzima au mazoezi yote. Asiye na fedha za gitaa la pili anaweza kuelewana na mpiga besi mwenzake wa kanisa la jirani, wabadilishane kwa zamu, mradi kila mmoja anajua gitaa la mwenzake lilivyo.

Katika kusafiri, begi lenye sponji nene linatosha kwa takisi, ila gitaa likae nawe ndani, lisipande juu ya paa wala lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kwenye boda boda, kichwa cha gitaa hupita juu ya kichwa chako na hugonga matawi na milango. Inama, au ulivae kifuani kichwa kikielekea chini. Majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, begi liwe na koti lake la plastiki. Ukifika, lifungue na uliache dakika 20 lizoee hewa ya ukumbi kabla ya kulityuni.

Shughuli ikiisha, hata kama umechoka na gari linapiga honi, fanya mambo mawili kabla ya kufunga begi: futa jasho kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu, ukipitisha chini ya kila uzi, na uchomoe kebo kwenye gitaa. Betri huanza kutumika pale plagi inapoingia, na huacha kutumika pale tu inapotoka. Chomoa na ile ya gitaa la pili.